Miguu ya mama wakati wa kipupwe na wakati wa masika: abadilishe nini?

Mkulima wa Uporoto
Ndugu zangu, habari za kazi. Mama yangu mzazi analima viazi mviringo huku Uporoto, mkoani Mbeya, na ana kisukari. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapokaza na hewa kuwa kavu, visigino vyake huota magaga yanayopasuka hadi kutoa damu; mvua zikianza Novemba, anaposhinda shambani akiwa amevaa gambuti, magaga hupungua, lakini ngozi ya katikati ya vidole hugeuka nyeupe, huwasha na kubanduka. Mwaka mzima hupaka mafuta ya mgando mguu mzima, hadi katikati ya vidole. Je, utaratibu huo unafaa misimu yote miwili?

Muuguzi, Njombe
Mafuta hayo ni mazuri, ila hayastahili kufika katikati ya vidole, iwe kipupwe au masika, kwa sababu huko huhifadhi unyevu ambao fangasi huupenda.

Ngozi ya nyayo haina tezi za mafuta, ndiyo maana hewa kavu huikakamaza upesi, na uzito wa mwili ukiikandamiza hupasuka. Wakati wa kipupwe mama aoshe miguu kwa maji ya vuguvugu bila kuiloweka kwa muda mrefu, aifute, apake mafuta visiginoni na kwenye nyayo ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kisha alale na soksi. Magaga yakiwa mazito, krimu yenye yurea huyalainisha vizuri zaidi.

Masika yakifika, kazi kubwa ni kukausha, kidole kimoja baada ya kingine. Dalili ulizozieleza zinaelekea kuwa za fangasi. Mhudumu wa afya akithibitisha, krimu ya klotrimazoli husaidia, lakini ipakwe kwa takriban wiki mbili zaidi baada ya muwasho kuisha. Wengi huiacha siku wanapopata nafuu, kisha hulalamika kwamba dawa ni feki.

Kuhusu kisukari sitapunguza ukali: ugonjwa huo huweza kuleta ganzi miguuni, na huku kwetu wazee huota moto wakiwa wamesogeza nyayo karibu kabisa na jiko la mkaa, hivyo mwenye ganzi huungua bila kujua. Maji ya kuoshea apimiwe na mtu mwingine. Nyayo zikaguliwe kila jioni, na kidonda chochote, hata kisichouma, kipelekwe kituo cha afya mapema. Kikitoa usaha, kikivimba au kikigeuka cheusi, aende siku hiyohiyo.

Mchuma chai, Mufindi
Naongezea kuhusu gambuti. Mpira haupitishi jasho, kwa hiyo mguu hulowa hata kama maji ya mvua hayakuingia. Mama abebe soksi kavu za kubadilisha mchana, na jioni gambuti zifutwe ndani, zijazwe magazeti makavu na kuwekwa mbali na moto, maana joto huupasua mpira. Kabla ya kuvaa apitishe mkono ndani, kwani kijiwe kidogo asichokihisi kinaweza kumchubua kutwa nzima.

Mkulima wa Uporoto
Ahsanteni sana. Nimesahau kusema kwamba magaga huyasugua kwa lile jiwe jepesi lenye vitundu, na yakimshinda huyakata kwa wembe. Isitoshe, kiangazi hupenda kutembea peku uani.

Muuguzi, Njombe
Wembe mnyang'anye leo. Jiwe linaweza kumfaa mtu asiye na ganzi wala nyufa, akisugua taratibu. Kwa mama, magaga mazito yapunguzwe na mhudumu wa afya kliniki. Peku nako kukome, kwani funza hupenda vumbi kavu, na kumtoboa kwa pini inayozunguka nyumba nzima huacha kidonda kinachoweza kuingiza pepopunda. Mnunulie viatu vya kufunika vidole, visivyombana, na umnunulie jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za siku.