Madalali wa viwanja vilivyopinda: hiyo "wastani" yenu inauza hewa!

#1
Wakuu, hii tabia imezidi. Nenda Goba, nenda Chanika, nenda Kigamboni, kiwanja kikiwa na kona zilizopinda kinapimwa kwa mtindo uleule. Dalali anavuta tepu pande nne. Anajumlisha mbele na nyuma, anagawa kwa mbili. Kulia na kushoto hivyohivyo. Anazidisha, anatabasamu: "Bosi, hapa una skwea mita 641." Inaandikwa kwenye karatasi ya mauziano, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, imetoka hiyo.

Hesabu hiyo ni ya mstatili tu. Kona zikipinda, jibu lake linazidi ukubwa halisi, na halipungui hata siku moja. Kosa linaloangukia upande wa muuzaji kila mara, nyie mnaliitaje?

Tuchukue kiwanja cha namna hii: mbele barabarani mita 18, kulia 32, nyuma 27, kushoto 25. Kwa wastani ni 22.5 × 28.5 = 641. Sasa mwambie dalali arudishe tepu, avute ulalo, yaani kutoka kona ya mbele kushoto hadi kona ya nyuma kulia. Mita 30. Hapo umepata pembetatu mbili, na pembetatu ukishajua pande zake tatu haina pa kujificha.

Ya kwanza ni 18, 32 na 30. Jumla 80, nusu yake 40. Toa kila upande kwenye 40, unabaki na 22, 8 na 10. Zidisha 40 × 22 × 8 × 10, unapata 70,400. Kipeuo cha pili ni 265.3. Ya pili ni 30, 27 na 25: nusu ya jumla 41, mabaki 11, 14 na 16, zao lake 101,024, kipeuo 317.8. Jumlisha zote: mita za mraba 583.

Kwa hiyo 58 ni hewa. Eneo linalouzwa 15,000 kwa mita ya mraba, mnunuzi kaacha 870,000 mezani kwa kutovuta tepu mara moja zaidi!

Na mtu asije hapa na "lakini pande zote nne tulipima". Pande nne hazitoshi. Angalia fremu ya mlango ambayo seremala hajaipigilia mbao ya kushikilia kona: isukume kidogo, inalala upande. Urefu wa mbao haujabadilika hata sentimita, nafasi ya ndani imepungua. Kiwanja ni hivyohivyo.

Pimeni na ulalo wa pili, ndio shahidi. Kwenye mfano huu unatoka mita 40.1, na ukipiga pembetatu za upande huo unarudi palepale 583. Majibu mawili yakipishana kwa mita moja au mbili za mraba, sawa. Yakipishana kwa 20, kuna namba imesomwa vibaya au tepu ilipinda kwenye kichaka. Rudieni kabla hela haijatoka.

Halafu kuna hawa wa ekari kwa "hatua 70 kwa 70". Ekari ni mita za mraba 4,047. Hatua ikiwa sentimita 91, 70 kwa 70 inakaribia. Ikiwa sentimita 75, ambayo ndiyo ya watu wengi, unapata 2,756, haifiki hata robo tatu ya ekari. Sijui kwa nini siku ya kuuza mpiga hatua huwa mtu mfupi.

#2
Mkuu umesahau mteremko. Ramani inahesabu umbali wa mlalo, si wa kulaza tepu chini. Tepu ya mita 30 iliyolazwa kwenye ardhi inayoshuka mita 6 ni mita 29.4 tu. Goba na Kimara kote ni vilima. Inua tepu iwe sawa, shusha timazi, enda kwa vipande vya mita 5.

#3
Wanaotembea na simu ndio wananiudhi zaidi. GPS ya simu mahali peupe inakosea mita 3 hadi 5, chini ya mwembe ni zaidi. Kwenye mfano wa #1, kona ya mbele kulia ikisogea nje mita 3 tu kutoka kwenye ule ulalo wa 30, umeongeza mita za mraba 45. Kwa shamba la ekari 20 sina neno, kwa kiwanja cha kujenga hapana. Na usichukue namba za ramani ya zamani ya upimaji ukaziingiza kwenye simu hivihivi: ramani nyingi zipo kwenye mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, simu ipo kwenye mfumo mwingine, WGS 84. Bikoni zitakupeleka mamia ya mita pembeni, kwa watu wengine kabisa.

#4
Na upande uliopinda kama upinde, mfano unaofuata korongo?

#1
Funga kamba iliyonyooka kona hadi kona, kila mita 3 pima kutoka kwenye kamba hadi mpakani kwa pembe mraba. Ukipata 0, 1.2, 2.0, 2.4, 1.5, 0.8, 0, jumlisha (7.9), zidisha kwa 3: mita za mraba 23.7 za kuongeza, au kutoa kama mpaka umeingia ndani. Ila kama ni mto, kumbuka zile mita 60 kutoka ukingoni zinazolindwa na sheria ya mazingira. Unalipia eneo usiloruhusiwa kujenga.

#5
Mkuu, na kama katikati kuna nyumba, ulalo haupitiki?

#1
Simama kona ya mbele kulia. Weka mambo (vigingi) mita 5 kutoka kona kwenye kila upande, pima kati ya mambo na mambo. Kwenye mfano wetu ni 5.53. Chukua 5.53 × 5.53, gawa kwa 50, toa kwenye 1, unapata 0.388. Kisha 18 × 18 + 32 × 32 − 2 × 18 × 32 × 0.388, kipeuo chake ni mita 30. Ila uwe makini: ukikosea sentimita 5 kati ya mambo, ulalo unakosea 20. Nafasi ikiruhusu tumia mita 10 kila upande, halafu ugawe kwa 200 badala ya 50.