Kidole kinatambulika, lakini sudo inaganda na nywila bado inadaiwa

kibodi_kavu:

Habari wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua fprintd (huduma ya Linux ya alama za vidole) na PAM (mfumo wa Linux wa kuthibitisha mtumiaji). Mashine ina Ubuntu 24.04 yenye eneokazi la GNOME, na Windows 11 iko kwenye diski hiyohiyo. Upande wa Ubuntu umesimbwa kwa LUKS (usimbaji wa diski). Kisomaji cha alama za vidole ni cha ndani, cha kugusa, si cha kuburuza kidole. lsusb inakionyesha kama 06cb:00bd. Hatua zilizokwisha fanyika:

`sudo apt install fprintd libpam-fprintd`
`fprintd-enroll -f right-index-finger`
`fprintd-verify`
`sudo pam-auth-update` (nikaweka alama ya nyota kwenye kipengele cha kidole)

fprintd-verify inarudisha verify-match bila kusita, kwa hiyo kisomaji chenyewe ni kizima. Kinachosumbua ni haya:

Nikiwasha mashine na kuingia kwa kidole, eneokazi linafunguka, halafu kinatokea kidirisha kinachodai nywila ya GNOME Keyring (hazina ya nywila zilizohifadhiwa). Sasa kidole kina faida gani?

Mashine ikiwa imefunikwa na kuunganishwa na skrini ya nje, sudo (amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi) inakaa sekunde kumi ikisubiri kidole ambacho hakifiki popote, ndipo iulize nywila.

Tangu kidole kisajiliwe Ubuntu, Windows haikitambui tena. Nikisajili upya Windows, Ubuntu nayo inaleta verify-no-match.

Mwisho, je, LUKS inaweza kufunguliwa kwa kidole wakati wa kuwaka? Na `systemctl status fprintd` inasema inactive (dead) muda mwingi, na enable inakataa. Hilo nalo ni kosa?

---

mzizi_wa_pam:

Nianze na la mwisho kwa kuwa ni jepesi. Si kosa. fprintd haikai macho. D-Bus (njia ya mawasiliano kati ya programu) huiamsha pale programu inapohitaji kidole, na ikikaa kama sekunde 30 bila mteja hujizima. Enable inakataa kwa sababu huduma hiyo haina sehemu ya kuwashwa pamoja na mfumo. Ukitaka kuona inachofanya, fungua terminali moja uendeshe `journalctl -f -u fprintd`, halafu jaribu kidole kwenye nyingine.

Keyring na LUKS ni swali moja lenye sura mbili. Kisomaji kinajibu "ndiye" au "siye", basi. Hakitoi siri yoyote. GNOME Keyring imesimbwa kwa ufunguo unaotokana na nywila yako. Ukiingia kwa nywila, PAM huipitisha nywila hiyo kwa pam_gnome_keyring na hazina inafunguka kimyakimya. Ukiingia kwa kidole, hakuna nywila ya kupitisha, ndiyo maana unaulizwa baadaye. Unaweza kuipa hazina nywila tupu na kidirisha kikapotea, lakini hapo nywila zako zote zinakaa kwenye faili bila kusimbwa. LUKS itazilinda mashine ikiwa imezimwa. Ikiwa imewashwa, programu yoyote inayosoma faili zako inazisoma na hizo. Mimi sishauri.

Njia safi ni hii: nywila mara moja baada ya kuwasha, kidole kwa mengine yote. Hariri /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults, chini ya kichwa ambacho tayari kimo ongeza mstari:

`[org/gnome/login-screen]`
`enable-fingerprint-authentication=false`

Mpangilio huu unahusu skrini ya kuingilia tu. Skrini inayofungwa ukiwa umeshaingia husoma mpangilio wa akaunti yako, kwa hiyo kidole kitaendelea kuifungua.

Wengi wanaishia hapo kisha wanashangaa skrini ya kuingilia bado inataka kidole. Sababu ni ile nyota uliyoweka kwenye pam-auth-update. Ile iliingiza pam_fprintd (moduli ya kidole) ndani ya common-auth, faili la PAM la pamoja, na common-auth husomwa na karibu kila kitu, ikiwemo gdm-password, faili la nywila la skrini ya kuingilia. Rudi kwenye pam-auth-update uitoe. Skrini iliyofungwa haitaathirika, kwa kuwa GNOME ina faili lake la pekee, gdm-fingerprint, linaloiita pam_fprintd moja kwa moja na kuendeshwa sambamba na lile la nywila. sudo ndiyo itakayopoteza kidole, na hiyo tunairudisha kwa mkono.

LUKS: hapana, si kwa kisomaji hiki. Wakati ule PAM haipo, fprintd haipo, na hata zingekuwepo, "ndiye" haifungui diski iliyosimbwa. Ukitaka kidole kweli, kuna funguo za usalama za USB za FIDO2 zenye kisomaji chake. Zile zinatoa siri baada ya kukutambua, na `systemd-cryptenroll --fido2-device=auto` inazisajili kwenye LUKS. Ila initramfs-tools ya Ubuntu 24.04 (zana inayoandaa mfumo mdogo wa kuwakia) haiuelewi mpangilio huo ndani ya crypttab, faili la orodha ya diski zilizosimbwa. Lazima uhamie dracut, zana mbadala, na hiyo ni kazi ya siku nyingine.

---

waya_mwekundu:

Naongezea kwenye sudo. Kabla hujagusa chochote ndani ya /etc/pam.d, fungua terminali ya pili, andika `sudo -i` na uiache wazi mpaka umalize. Herufi moja ikikosewa kwenye faili la sudo, sudo inakataa kila mtu, na hutakuwa na mlango wa kurudi kurekebisha isipokuwa kwa kuwasha kwa hali ya uokoaji.

Moduli za PAM zinasomwa kutoka juu kwenda chini, moja baada ya nyingine. Ndiyo maana sudo inaganda: haiwezi kusubiri kidole na nywila kwa pamoja kama GNOME inavyofanya. Zile sekunde kumi ni timeout=10 iliyowekwa na pam-auth-update. Bila kuiandika, pam_fprintd husubiri 30.

Dawa ya kifuniko: tengeneza faili /usr/local/sbin/kifuniko lenye mistari miwili:

`#!/bin/sh`
`grep -q closed /proc/acpi/button/lid/*/state`

Lipe ruhusa, `sudo chmod 755 /usr/local/sbin/kifuniko`, na liwe mali ya root. Kisha juu kabisa ya /etc/pam.d/sudo, kabla ya `@include common-auth`, weka:

`auth [success=1 default=ignore] pam_exec.so quiet /usr/local/sbin/kifuniko`
`auth sufficient pam_fprintd.so max-tries=2 timeout=10`

Mstari wa kwanza unauliza kama kifuniko kimefungwa. Kikiwa kimefungwa, success=1 inaruka moduli moja inayofuata, yaani ile ya kidole, na unaangukia moja kwa moja kwenye nywila. Kikiwa wazi, grep inarudisha kosa, kosa linapuuzwa, na zamu ya kidole inafika. Nyota kwenye njia ya faili ipo kwa sababu mashine nyingine huita folda hiyo LID na nyingine LID0.

Wakati wa kujaribu, anza kila mara na `sudo -k`. sudo inakukumbuka kwa dakika 15, na mtu anaweza kudhani kidole kimefanya kazi kumbe hakuulizwa kabisa.

Vidirisha vya kuomba ruhusa ya msimamizi ndani ya GNOME vitarudi kwenye nywila, kwa kuwa navyo vilikuwa vinategemea common-auth. Usipopenda hilo, mistari hiyohiyo miwili inaweza kuwekwa juu ya faili la polkit-1, linalohusu vidirisha hivyo.

---

nukta_mbili:

Kuna njia fupi kwa asiyependa kuandika hati (script) ya kifuniko: tanguliza pam_unix, moduli ya nywila, kwa `auth sufficient pam_unix.so try_first_pass likeauth nullok`, halafu pam_fprintd chini yake. sudo inauliza nywila kwanza. Ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, inahamia kwenye kidole. Hakuna kusubiri hata kidogo.

---

mzizi_wa_pam:

@nukta_mbili inafanya kazi, ila nullok ina maana akaunti isiyo na nywila inapita kwa Enter tupu. Kwenye mashine yenye akaunti ya mgeni au ya majaribio, angalia kwanza. Na kila Enter tupu inaandikwa kwenye kumbukumbu kama jaribio lililoshindwa. Aliyeweka pam_faillock (moduli inayofungia akaunti baada ya makosa mengi) atajikuta amefungiwa nje na vidole vyake mwenyewe.

---

chipu_na_kidole:

Suala la Windows linahitaji kuelewa alama inakaa wapi. Visomaji viko vya aina mbili. Kuna vinavyopeleka picha kwenye kompyuta, na ulinganisho unafanywa na programu. Kingine, kama hiki chako cha 06cb, yaani Synaptics, hulinganisha ndani ya chipu yenyewe na kuhifadhi alama humohumo. Kilichomo ndani ya /var/lib/fprint kwenye mashine yako ni kitambulisho tu cha alama iliyo kwenye chipu.

Sasa chipu ni moja na mifumo ni miwili. Ukiweka kidole, chipu inasema "ni alama nambari fulani". Nambari hiyo ikiwa ni ile iliyosajiliwa na Windows, fprintd inaitafuta kwenye orodha yake, haioni, inajibu verify-no-match. Kidole ni kilekile, lakini usajili si wake. Zaidi ya hapo, nafasi ya chipu ikijaa, fprintd hufuta alama isizozitambua ili ipate pa kuandika, na kwa Ubuntu alama za Windows ni takataka.

Fanya hivi kwa mpangilio. Upande wa Windows, futa kidole kwenye Mipangilio, Akaunti, Chaguo za kuingia. Upande wa Ubuntu, `fprintd-delete $USER`. Halafu safisha chipu yenyewe, maana amri hiyo inafuta inazozijua tu. BIOS za mashine nyingi za kikazi zina kipengele cha kufuta data yote ya alama za vidole, kipo sehemu ya usalama. Kama hakipo, weka kifurushi gir1.2-fprint-2.0 na uendeshe hii kwa sudo python3:

`import gi`
`gi.require_version('FPrint', '2.0')`
`from gi.repository import FPrint`
`c = FPrint.Context()`
`for d in c.get_devices():`
`    d.open_sync(), d.clear_storage_sync(), d.close_sync()`

Kisha sajili Windows kwanza, na huko lazima uwe na PIN, bila PIN Windows Hello haisajili kidole. Mwisho sajili Ubuntu kwa kidole tofauti. Shahada ya kushoto kwa Windows, ya kulia kwa Ubuntu. Hapo chipu haina cha kuchanganya.

Windows ikiendelea kugoma hata baada ya hapo, simamisha huduma ya WbioSrvc (ya bayometriki ya Windows), futa faili za .DAT ndani ya C:\Windows\System32\WinBioDatabase, iwashe tena huduma, usajili upya.

Huku kuchangia chipu si usumbufu tu, ni suala la usalama pia. Mwaka 2023 watafiti wa Blackwing Intelligence walionyesha jinsi ya kuipita Windows Hello kwenye laptop tatu. Kwenye mojawapo waliwasha Linux, wakasajili kidole chao kwa kitambulisho cha mwenye akaunti ya Windows, kisha wakakielekeza kisomaji kwenye orodha ya Linux. Mwenye mashine ya siri nzito aweke nywila kwenye BIOS na azuie kuwasha kutoka USB.

---

kibodi_kavu:

Asanteni sana wakuu. Keyring imetulia, kifuniko kinafanya kazi, na Windows na Ubuntu sasa kila moja ina kidole chake. Limebaki moja: mashine ikiamka baada ya kulala, mara nyingine kisomaji kinapotea. fprintd-verify inasema hakuna kifaa.

---

waya_mwekundu:

Angalia lsusb wakati huohuo, usiwashe upya kwanza. 06cb:00bd ikiwa bado imo kwenye orodha, tatizo ni fprintd iliyobaki imeshikilia kifaa cha kabla ya usingizi: `sudo systemctl restart fprintd` inatosha. Ikiwa haimo, umeme wa USB umekatwa na haujarudi. Kama unatumia TLP (programu ya kuokoa betri), weka `USB_DENYLIST="06cb:00bd"` ndani ya /etc/tlp.conf. Upande wa Windows zima uwashaji wa haraka kwa `powercfg /h off`, kwa sababu bila hivyo Windows haizimiki kabisa, inajigandisha, na kisomaji kinaweza kukabidhiwa Ubuntu kikiwa katikati ya kazi.

Na uendeshe `fwupdmgr refresh` kisha `fwupdmgr update`. Kisomaji hiki hupata masasisho ya programu yake ya ndani kupitia fwupd, na matoleo ya zamani libfprint, maktaba inayotumiwa na fprintd, huyakataa.

---

chipu_na_kidole:

Kabla hujafunga uzi: sajili kidole cha pili pia kwa upande wa Ubuntu, tena kwa utaratibu. Mguso wa kwanza weka katikati ya kidole, kisha ncha, kisha pembeni kushoto na kulia, na ukiinue kabisa kila baada ya mguso. Watu wengi hugusa palepale mara zote, halafu kidole kikiwekwa upande kidogo kinakataliwa. Kisomaji hiki hupima chaji ya umeme kati ya ngozi na kioo chake. Ngozi iliyokauka haigusi vizuri, na ya maji hujaza mabonde kati ya mistari, chipu ikaona doa moja tu. Ikikataa kwa ukavu, pumulia kidole pumzi ya joto. Kioo kikiwa na mafuta, futa kwa kitambaa laini chenye tone la pombe ya asilimia 70, mashine ikiwa imezimwa.

Usijaribu kusajili kidole kimoja kwa majina mawili ili "kukiongezea nguvu". Kwa visomaji vinavyolinganisha ndani ya chipu utapata enroll-duplicate.