Boxer inakula oili: nifungue injini au nitafute nyingine?

Ngosha wa Mkolani
Wakuu, habari za jioni. Nina pikipiki, Boxer 150, imeanza kuchoka. Inatoa moshi na oili inapungua. Fundi anasema tufungue injini, spea na ufundi jumla laki 3 na 80. Mke wangu anasema niachane nayo, nitafute nyingine. Mpya nimeulizia hapa Mwanza mjini, wameniambia milioni 3 na laki 2. Nifanyeje? Naomba majibu mapema, fundi ananisubiri kesho asubuhi.

Kijiwe Buzuruga
Sasa mkuu tukusaidieje? Ya mwaka gani? Imetembea kilomita ngapi? Unaendesha mwenyewe au umempa kijana akuletee hesabu? Moshi wa rangi gani? Umefika kwa daktari, umesema "naumwa", halafu umenyamaza.

Mzee wa Spana
Hilo la rangi lijibiwe kwanza. Moshi mweusi ni petroli inayozidi, safisha kabureta na filta ya hewa, hela ndogo tu. Wa bluu ni oili inaungua, na wenyewe una aina mbili. Ukiiwasha asubuhi ikatoa kidogo halafu ikaacha, hizo ni sili za valvu, silinda usiiguse. Ikitoa pale unapovuta mafuta na mzigo juu, ringi zimekwisha au silinda imelika. Huyo fundi amepima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, au amesikiliza kwa sikio akakutajia bei?

Ngosha wa Mkolani
Samahani wakuu. Ni ya 2018. Dashibodi ilikufa mwaka juzi ikisoma 61,000, tangu hapo sijui. Moshi ni wa bluu, hasa nikipanda Bugarika na mtu nyuma. Kupima hajapima, alipiga kiki mara mbili akatikisa kichwa. Asubuhi naendesha mwenyewe, kuanzia saa 4 anayo kijana.

Kijiwe Buzuruga
"Kuanzia saa 4 anayo kijana." Basi tumemjua mgonjwa. Kijana wa hesabu oili haimhusu, yeye anaangalia buku zake za jioni. Anapiga mishkaki, abiria zaidi ya mmoja, kutoka Igoma mpaka Kisesa, wewe uko ofisini. Fungua injini, nunua mpya, vyovyote vile, ndani ya mwaka utarudi hapa kuuliza swali hilihili. Mpe kwa mkataba iwe yake baada ya muda, uone kama hataamka usiku kuipangusa.

TVS Mpaka Kaburini
Uza hiyo, chukua TVS HLX 125. Mafuta inanusa tu. Juzi nimetoka nayo Nyegezi, nikapita daraja la Kigongo–Busisi, nimefika Sengerema nimeshiba upepo na sijaongeza hata lita.

Ngosha wa Mkolani
Mkuu, sikuuliza Boxer au TVS.

TVS Mpaka Kaburini
Ndiyo nakujibu hivyo hivyo.

Mama Dagaa Kirumba
Kaka Ngosha, mimi nakuomba kitu kimoja. Ukisikia "nyingine" usikimbilie ya mkononi. Yangu ilipoanza kula oili kama yako, niliiuza laki 6 nikaongeza milioni 1 na laki 1, nikachukua iliyotumika kwa kijana mmoja maeneo ya Kisesa. Ilikuwa inang'aa, tairi mpya, kadi mkononi. Jina kwenye kadi si lake, akasema ni la mjomba wake yuko Geita, atakuja tukabadilishe. Tukaandikishana kwenye karatasi, shahidi dereva wa bajaji aliyenipeleka. Mjomba wiki hii, mjomba wiki ijayo. Mwezi wa pili tangu niinunue, natoka saa 11 alfajiri kuwahi dagaa soko la Mwaloni, nafungua mlango, pale ilipokuwa imesimama pana doa la oili tu. Nimelia nikijua ni wezi. Kumbe pikipiki ilikuwa ya mkopo, haijaisha kulipwa, na chini ya siti walikuwa wameweka kifaa cha kuifuatilia. Wenye mkopo walikuja na funguo ya pili, wakawasha, wakaondoka. Nilipokwenda kwao walinionyesha mkataba, wana haki zao, mimi nina karatasi ya daftari. Kijana wa Kisesa namba haipatikani mpaka leo. Milioni 1 na laki 7 ya dagaa, kaka.

Mzee wa Spana
Pole sana mama. Wengine mjifunze: mwenye jina kwenye kadi awepo, mkahamishe umiliki TRA ndipo hela itoke. Na chuchumaa usome namba ya injini na ya chesisi, ulinganishe na kadi.

Mwana wa Ukerewe
Halafu pikipiki za watu wa Mwaloni chesisi zimeliwa na kutu, ziwa linazimaliza.

Kijiwe Buzuruga
Ziwa letu lina chumvi tangu lini? Kinachokula chuma ni maji ya samaki yanayochuruzika kwenye tenga, mtu haoshi mpaka Jumapili.

Mwana wa Ukerewe
Haya. Ila Sengerema kwa daraja ni kuzunguka. Kama uko mjini panda kivuko cha Kamanga.

TVS Mpaka Kaburini
Ukae kwenye foleni ya kivuko mimi nikiwa nimeshakunywa chai Busisi?

Mzee wa Spana
Mnampoteza mwenzenu. Ngosha, silinda ikiwa na mikwaruzo usikubali ringi mpya peke yake, moshi utarudi kabla ya mwezi. Ichongwe iwekwe pistoni iliyozidi kwa milimita 0.25 au 0.50, au ununue seti nzima, silinda na pistoni yake. Na ukishafunga, wiki mbili za kwanza hakuna mishkaki, oili ya kwanza imwage mapema.

Ngosha wa Mkolani
Wakuu, tumefungua leo. Ringi moja imetoka vipande viwili. Silinda nikipitisha ukucha unakwama. Cheni ya taimingi imelegea, na klachi nayo anasema imeungua. Bei imepanda, sasa ni laki 5 na 20. Anataka hela ya spea leo akanunue mwenyewe.

Kijiwe Buzuruga
Usimpe. Nenda naye dukani, na spea za zamani zote zibaki kwako.

Mama Dagaa Kirumba
Na kijana wako anasemaje?

Ngosha wa Mkolani
Anasema ilianza moshi siku ile nilipomwazima shemeji.

TVS Mpaka Kaburini
Laki 5 na 20 ni kianzio cha HLX, nasema tu. Tenki la hiyo Boxer kama halijabonyea niambie, kuna mtu Pasiansi analitafuta.