Joto la miji ya tropiki: ramani ya setilaiti peke yake isigawe bajeti

Wakuu, hili tulijadili bila kuzungushana. Siku hizi jiji la tropiki likitaka mpango wa kupambana na joto, cha kwanza kuwekwa mezani ni ramani ya setilaiti yenye madoa mekundu, halafu inaamuliwa hapa pandeni miti, hapa pakeni mapaa rangi nyeupe, kule pasubiri. Mimi napinga hiyo ramani kutumika peke yake kuamua nani apate kivuli kwanza.

Kwanza haipimi hewa. Inapima joto la uso wa vitu, yaani paa, lami, majani ya juu ya mti. Landsat, setilaiti ya Marekani ya kupiga picha za ardhi, inapita kama saa nne asubuhi, wakati kisiwa cha joto, yaani mji kuwa na joto kuliko mashamba yanayouzunguka, kwenye hewa kinakuwa kikali usiku, kuta na zege vikiachia joto la mchana huku shambani kumeshapoa. Mwingereza Luke Howard, mchunguzi wa hali ya hewa, aliliona hilo London mwanzoni mwa miaka ya 1800 kwa vipimajoto vya kawaida tu. Sasa picha ya saa nne asubuhi itatuambiaje kwa nini mtoto halali saa sita usiku?

Halafu mabati, na hapa ndo pananiuma. Bati jipya linalong'aa linatoa mionzi ya joto kidogo sana kuliko zege lenye joto lilelile, kwa hiyo hesabu zisipozingatia kwamba lile ni bati, ramani inalionyesha limepoa, kumbe ndani watu wanaungua. Mtaa wa mabati unatoka na rangi nzuri, fungu linaenda kwingine. Mawingu nayo yanaziba, kwa hiyo msimu wa mvua, unyevu ukiwa juu na jasho halikauki, picha ni chache mno.

Upande wa pili wanasema vituo vya hali ya hewa ni vichache na vingi viko viwanja vya ndege, setilaiti ni bure na inaona mji mzima, na pengo litajazwa na modeli kama WRF, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa. Ya bure nakubali. Ya modeli nakubali nusu. WRF ikiwekewa sehemu ya mji inakokotoa hewa, upepo na unyevu mpaka usiku, ila inategemea ulichoiingizia: urefu wa majengo, upana wa barabara, kuta za nini. Watafiti wa hali ya hewa ya miji, Stewart na Oke, mwaka 2012 walitoa makundi 17 ya maeneo ya kuchambulia joto la mji, na la 7 ni la nyumba nyepesi fupi zilizobanana, ndo makazi ya watu wengi kwenye miji hii, lakini ukiliachia namba zilizokuja na programu bila kuzipima unakuwa umejenga mji mwingine kabisa.

Na udongo wa shambani watu wanausahau. Tropiki tofauti kubwa ni ya mvua na kiangazi, udongo uliolowa unapoa polepole usiku kwa hiyo pengo kati ya mji na shamba linapungua, kiangazi udongo mkavu unapoa haraka na pengo linapanuka. Sasa mtu anaendesha modeli wiki moja ya kiangazi anasema ndo joto la mji huu, halafu bajeti ya miaka inafuata hapo! Pengo likipungua haina maana watu wamepona, unyevu bado unawaumiza.

Msimamo wangu: vipimajoto vya bei nafuu vya hewa na unyevu, vilivyokingwa jua, viwekwe mitaani misimu yote miwili, na modeli isiyolinganishwa na vipimo vya usiku vya mtaani isigawe hela. Wapo watakaosema huko ni kuchelewesha. Miti ya shuleni na vituo vya basi haihitaji ramani, ipandwe leo. Nazungumzia miradi mikubwa, ile inayochagua mtaa na kuacha mtaa.

Mnaotengeneza hizi ramani, naomba mnijibu hili: mbona mnazitoa bila kuonyesha zinakosea digrii ngapi kwenye mitaa ya mabati?