Naomba ushauri: kamera mpya isiyo na kioo au ile ndogo ya zamani inayozama majini?

Mkaakando

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Nimekwama, na siku zinakwenda. Mama yangu ana umri wa miaka 66, na kwa miezi mitatu sasa anajifunza kuogelea katika bwawa lililo ndani ya jengo. Baada ya wiki mbili ataogelea upana wote wa bwawa peke yake kwa mara ya kwanza, na nimemwahidi picha: akiwa ukingoni, akiwa majini, na zaidi ya yote uso wake ukiwa chini ya maji, kwa sababu kuzamisha uso ndiko kulikomtisha maisha yake yote.

Ninalinganisha kamera mbili. Ya kwanza ni kamera isiyo na kioo cha ndani, yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga) cha saizi ya APS-C cha megapikseli 24 na lenzi ya kawaida ya kuvuta inayoanzia f/3.5 (kipimo cha uwazi wa lenzi; namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi). Ya pili ni Olympus Tough TG-5, kamera ndogo ya mfukoni ya megapikseli 12, ambayo mtengenezaji anaeleza kuwa inahimili kina cha mita 15. Swali langu ni hili tu: kwa picha ya kutundika ukutani, je, ile ndogo inatosha, au nitajuta? Naomba majibu mapema, kwa sababu nina siku mbili za kuamua.

Chembe ya Nuru

Mkuu, tuanze na hesabu, kwa maana ndiyo isiyopendelea upande. Kihisi cha APS-C kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, na kile cha TG-5 kina takriban 6.2 kwa 4.6. Eneo la kwanza ni kama mara 13 ya la pili, na bwawa la ndani lina mwanga hafifu kuliko macho yetu yanavyotuambia, hivyo tofauti hiyo utaiona katika chengachenga za sehemu zenye giza.

Hata hivyo, watu wengi husahau nusu ya pili ya hesabu. Lenzi ya TG-5 hufunguka hadi f/2 inapotazama kwa upana, ilhali lenzi yako ya kawaida huanzia f/3.5, maana yake inapitisha mwanga kama theluthi moja tu ya ule wa f/2. Kwa hiyo faida ya mara 13 inashuka hadi kama mara nne. Nne bado ni kubwa, lakini si ile uliyoahidiwa na tangazo. Kuhusu uchapishaji, megapikseli 12 ni pikseli 4000 kwa 3000, ambazo kwa pikseli 300 kwa kila inchi zinakupa karatasi ya karibu sentimita 34 kwa 25 bila kunyoosha chochote. Piga faili ghafi, yaani picha ambazo kamera haijazichakata, ambazo TG-5 inaziruhusu, na uzisafishe taratibu nyumbani.

Mzamiaji wa Zamani

Mimi nitajibu swali ambalo hukuuliza, kwa sababu ndilo lililoniumiza. Kamera inayozama majini haiuawi na kina, inauawa na gasketi, ule mpira unaoziba vifuniko vyake. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kamera ndogo ya aina hiyo, nikaifungua pembeni mwa maji ili nibadilishe betri, nikaifunga kwa haraka na kurudi kuogelea. Nilikuwa katika maji yanayonifika kiunoni kioo kilipozimika. Nilipoifungua nyumbani nilikuta unywele mmoja umelala juu ya mpira wa kifuniko, mwembamba kiasi kwamba nilihitaji miwani kuuona. Picha zote za siku ile ziliokolewa kwenye kadi, lakini kamera haikuwaka tena.

Tangu siku hiyo ninafungua vifuniko mahali pakavu tu, baada ya kuisuuza kamera kwa maji baridi yasiyo na chumvi wala dawa na kuikausha kabisa. Sikwambii haya kukutisha. Nakuuliza: gasketi za hiyo TG-5 zina umri gani?

Bi Mkubwa wa Jukwaa

Mwanangu, mimi si mtaalamu wa vihisi. Ninachokijua ni kwamba mtu anayeogopa maji hutafuta uso anaoufahamu. Ukijificha nyuma ya kamera, mama yako atatazama kioo cha lenzi badala ya kukutazama wewe. Ingia naye majini mikono mitupu katika mazoezi yaliyobaki, kisha siku yenyewe upige picha chache. Sisi tulilea watoto bila picha hizo zote, na hatukusahau lolote lililokuwa la maana.

Tikisa Kidogo

Bi Mkubwa amesema kweli, nami naongeza jambo moja. Kila ninapotoa kamera kubwa, jamaa zangu wote hunyooka kama wanapigwa picha ya pasipoti, hata mtoto wa miaka miwili. Nikitoa ile ndogo hawajali, wanaendelea kucheka. Huo nao ni ubora wa picha, ingawa hauandikwi kwenye boksi.

Pembe Nne

Mleta mada, kuna kitu hakijakaa sawa katika maelezo yako. Umeitaja TG-5 kama kitu unachokijua kwa karibu, na ile nyingine kama kitu unachokiangalia dukani. Ikiwa TG-5 tayari ni yako, kwa nini unalazimika kuchagua? Nunua hiyo mpya kwa picha za ukingoni, ubaki na ya zamani kwa picha za majini. Na hizo siku mbili zimetoka wapi, wakati mama anaogelea baada ya wiki mbili? Tueleze vizuri, la sivyo tutakushauri gizani.

Mkaakando

Sikutaka kuyaleta mambo ya nyumbani hapa, lakini kwa kuwa nimeulizwa nitasema. TG-5 ilikuwa ya marehemu baba. Picha za kwanza zilizomo kwenye kadi ni za mwaka 2014, na alikuwa akiibeba kila mahali. Mama alinikabidhi mwaka jana akisema ninajua kuitumia. Muuzaji wa ile kamera mpya amekubali kuichukua TG-5 kama sehemu ya malipo, na tumeshapatana; kesho kutwa ninampelekea. Mama hajui.

Naomba msinihukumu haraka. Kamera imelala kwenye droo kwa miaka mitatu bila kuguswa, na sina hakika kama bado inazuia maji. Kifaa kisichotumika si kumbukumbu, na picha zote za baba nimeshazinakili. Bila kuitoa hii, sifikii bei ya ile nyingine. Kwa picha za majini nitaitia kamera mpya katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na maelezo yake yanasema pia kuwa imezibwa dhidi ya vumbi na unyevu.

Mzamiaji wa Zamani

Ndugu yangu, hapo kwenye mfuko simama kwanza. Mfuko laini unaning'inia mbele ya lenzi, unajikunja, na lenzi ya kuvuta inaposogea mbele inaweza kuusukuma ukawa na mikunjo juu ya uso wa mama. Tundu dogo kuliko ncha ya sindano linatosha kuharibu vyote viwili, kamera na lenzi, kwa dakika moja. Kinachofaa ni kasha gumu la kuzamia lililotengenezwa kwa ajili ya kamera hiyohiyo, na makasha hayo mara nyingi bei yake inakaribia au kuizidi bei ya kamera yenyewe. Je, umeliweka katika hesabu yako?

Chembe ya Nuru

Na neno "imezibwa" lisikudanganye. Alama za IP, yaani viwango vya kuzuia vumbi na maji, zina maana mahususi. IPX7 ni kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30, na IPX8 ni zaidi ya hapo kwa masharti ya mtengenezaji. Chukua OM-1 ya mwaka 2022, ambayo ni miongoni mwa kamera zisizo na kioo zilizopimwa na kutangaziwa alama yake: ni IP53, yaani vumbi na maji ya kunyunyiziwa, wala si kuzamishwa. Kamera nyingi zinazoitwa zimezibwa hazina alama yoyote. Nikon waliwahi kutengeneza kamera moja yenye lenzi za kubadilisha iliyozama hadi mita 15 bila kasha, yaani Nikon 1 AW1 ya mwaka 2013, lakini hiyo si unayoitazama wewe.

Jambo jingine ambalo litakusaidia kwa kamera yoyote utakayoshika: maji nyuma ya kioo bapa hukuza vitu kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo upana wa milimita 25 wa TG-5 utakuwa kama wa 33, yaani itaona eneo dogo zaidi. Usirudi nyuma ili umpate mama mzima, kwa sababu kila hatua ya maji inapunguza ukali na rangi. Msogelee, upige uso na mikono.

Bi Mkubwa wa Jukwaa

Mimi nimebaki kwenye maneno mawili mafupi: "Mama hajui." Alikukabidhi kifaa cha mumewe, na bila shaka siku ile atakuwa anatazamia kukiona mkononi mwako. Bei si hoja yangu. Mwambie kwanza, kisha uuze ukitaka.

Pembe Nne

Nami nasema hivi, na naomba radhi ikiwa ninakosea. Mleta mada anadai picha za kwanza ni za mwaka 2014. Olympus walitangaza TG-5 mwaka 2017. TG-4 yenyewe ilikuja 2015. Kwa hiyo baba alipiga picha kwa kamera ambayo haikuwepo? Mama wa miaka 66, marehemu, droo, siku mbili: hii ni hadithi iliyopangwa vizuri ili tulie, na sitashangaa kesho akija mtu wa kutuuzia kasha. Watu wanatoa muda wao hapa kwa nia njema.

Tikisa Kidogo

Tarehe hiyo kweli inasumbua. Huenda ni TG-3, au huenda hakuna kamera kabisa.

Mkaakando

Nimesoma maneno hayo mara mbili na yameniuma, lakini hoja ya Pembe Nne ni ya haki, kwa sababu hata mimi sikuwa nimeiona. Nimetoka kuitazama kamera sasa hivi: imeandikwa TG-5 mbele. Nimeifungua kadi. Faili ya kwanza kweli ina tarehe ya 2014.

Chembe ya Nuru

Pembe Nne, tusikimbilie hukumu. Tarehe ya faili si tarehe ya dunia, ni tarehe ya saa iliyomo ndani ya kamera. Betri ikitolewa kwa muda mrefu saa hiyo hupotea, na mtu akiiweka upya huweza kukosea mwaka bila kujua, kwa sababu picha zinaendelea kutoka vizuri tu. Mkaakando, tafuta picha ya tukio ambalo unaijua tarehe yake bila shaka, ulinganishe.

Mkaakando

Nimeipata. Kuna picha ya mpwa wangu siku aliyozaliwa, baba akiwa amemshika mbele ya dirisha. Bila shaka dada ndiye aliyeipiga. Mtoto huyo alizaliwa mwaka 2018. Kamera inasema 2014, siku na mwezi vikiwa sawasawa kabisa. Saa ilikuwa nyuma kwa miaka minne tangu mwanzo, na baba hakuwahi kuirekebisha. Mimi mwenyewe nimekuwa nikiamini kwamba picha zote hizo zilikuwa za zamani zaidi kuliko zilivyo.

Pembe Nne

Kuhusu tarehe nimeridhika, na naondoa neno "iliyopangwa". Unaweza kuzisahihisha picha zote kwa pamoja kwa programu ya kuhariri tarehe, ukiongeza miaka minne kwa kila faili. Fanya hivyo kwenye nakala, si kwenye kadi. Ila kuhusu ule mfuko wa plastiki sijaridhika hata kidogo.

Mzamiaji wa Zamani

Turudi kwenye maji, tafadhali. Mtengenezaji wa TG-5 anapendekeza gasketi zibadilishwe kila mwaka, nazo hazijaguswa kwa miaka mitatu. Kwa hiyo usiizamishe leo ili kujaribu, kwa sababu jaribio likishindikana kamera imekwisha. Ipeleke kwa fundi, akague vifuniko vyote viwili, cha betri na kile cha nyaya. Kabla ya hapo, keti mahali pakavu penye taa, uvifungue polepole, kisha utuambie umeona nini.

Mkaakando

Bado naamini kuwa kamera kubwa itanifaa kwa miaka mingi, na sijabadilisha msimamo huo. Lakini nimefanya ulivyosema. Kifuniko cha nyaya ni safi. Kwenye gasketi ya kifuniko cha betri kulikuwa na punje mbili za mchanga na unywele mmoja mfupi, mweupe. Mimi na mama nywele zetu ni nyeusi.

Mchanga nimeupangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Unywele nimeuweka kwenye karatasi. Fundi atapokea kamera kesho asubuhi, na mama nitamwambia jioni hii, kabla sijamjibu muuzaji.