Hivi tunabishania vitabu, au tunabishania miongozo ya mitihani?

Wanajamvi, salaam. Najua uzi huu utaonekana ni wa kutafuta ugomvi, lakini mjadala wa juzi kuhusu riwaya bora ya Kiswahili umenimaliza uvumilivu, na naona ni afadhali niseme hadharani kuliko kuendelea kunung'unika pembeni. Lalamiko langu ni hili: wengi wetu tunaojiita wapenzi wa fasihi hatubishani kuhusu vitabu hata kidogo. Tunabishana kwa majibu ya mtihani tuliyoyakariri sekondari, kisha bila haya tunawapendekezea wenzetu vitabu ambavyo sisi wenyewe hatukuvimaliza.

Chukueni mjadala huo wenyewe. Mchangiaji mmoja alisema hakuna aliyemfikia Shaaban Robert, akataja Kusadikika. Mwingine akamjibu kwamba Kezilahabi alimwacha mbali kwa Dunia Uwanja wa Fujo. Hadi hapo sikuona ubaya wowote, kwa kuwa ni ubishi wa haki na wa siku nyingi. Ubaya ulianza pale watu walipotakiwa kutoa sababu. "Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui." "Dhamira zake zinasadifu hali halisi ya jamii yetu." "Ametumia lugha rahisi na tamathali za semi kama vile tashibiha, sitiari na tashihisi." Kila aliyesoma shule Tanzania anayajua maneno haya, kwa sababu yamo katika kila mwongozo, sehemu ile ya mwisho inayoitwa kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Futa jina la Kusadikika uweke Takadini, na hutalazimika kubadilisha hata nukta. Katika kurasa zote zile hakuna aliyemtaja Karama, mshtakiwa anayesimama mbele ya baraza na kujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi yao wakarudi na mema wakalipwa mabaya. Hakuna aliyeuliza kama mpangilio huo wa safari baada ya safari unamvuta msomaji wa leo au unamchosha. Mimi, kusema kweli, unanichosha nikifika kwa mjumbe wa nne, ingawa nakubali kwamba kuchapisha mwaka 1951, chini ya utawala wa Mwingereza, kisa cha nchi inayomshtaki mtu kwa kutaka watu wafundishwe sheria, kulihitaji moyo. Mtu angenipinga hapo tungekuwa na mjadala. Badala yake nimeorodheshewa dhamira.

Ndugu zetu wa Kenya nao wasicheke, maana walioshiriki walikuwa wamebeba mzigo uleule katika mfuko mwingine. Kwao ni dondoo. Ukimtaja marehemu Ken Walibora unaletewa sentensi moja kutoka Kidagaa Kimemwozea pamoja na maelezo ya nani alimwambia nani, wapi na kwa nini, kana kwamba msimamizi wa mtihani amesimama mlangoni. Nilipouliza kama yupo aliyeisoma Siku Njema kwa hiari yake, akamfuata Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi bara ya Kenya akimtafuta baba yake, nilijibiwa kwamba kitabu hicho "hakitahiniwi tena". Sikujua kwamba kitabu nacho huisha muda wake kama dawa.

Linaloniudhi zaidi ni ujasiri wa watu kukihukumu kitabu ambacho hawakukigusa. Rosa Mistika cha Kezilahabi kilitoka mwaka 1971, kikapigwa marufuku shuleni kwa kipindi fulani, na baadaye kikaja kusomwa katika shule hizohizo. Marufuku ile bado inatembea mitandaoni, kwa sababu kila kinapotajwa hujitokeza mtu wa kutangaza kwamba ni kitabu cha kufundisha umalaya na hakifai kuwa ndani ya nyumba. Mtu huyo angefungua kurasa za mwanzo tu angemkuta Zakaria, baba mlevi, akimpiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na angejua kwamba mwandishi anamkamata mzazi shati kabla hajamfikia mtoto. Ungeweza kubisha kwamba Kezilahabi amemwonea Zakaria. Ungeweza hata kubisha kwamba amemtesa Rosa kupita kiasi ili hoja yake ipite, na hapo mimi ningekuwa upande wako. Hoja hizo zinahitaji mtu aliyesoma, na aliyesoma mara nyingi amekaa kimya, kwa sababu kila akifungua mdomo anaitwa mjuaji.

Nawakumbusha pia Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi. Tulijaza kurasa kwa kubishana kama ni Mtanzania, Mzanzibari au Mwingereza, tukavutana kuhusu pasipoti yake na mwaka aliotoka Unguja, na nilifuatilia ugomvi ule hadi ulipozimika bila kuona mtu akitaja mhusika wake hata mmoja. Sawa, nilijiambia, vitabu viko kwa Kiingereza na ni vya ghali. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatoa tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise, iitwayo Peponi, ikachapishwa hapahapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Habari za Yusuf, mtoto anayekabidhiwa kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake huku yeye akidhani anakwenda kutembea kwa ndugu, sasa zinasomeka kwa lugha yetu. Je, wale mabingwa wa uraia waliinunua? Uzi uliofunguliwa kuhusu tafsiri hiyo ulipata wachangiaji wa kuhesabika, na mmoja wao aliuliza kama itaingizwa kwenye mtaala.

Si kweli kwamba hatujawahi kuwa na ubishi wa maana. Miaka ya 1970 wanamapokeo, walioshikilia kanuni za zamani, na wanamabadiliko, waliotaka kuziacha, walipopambana kuhusu ushairi, kila upande ulikuja na kazi mkononi. Wanamapokeo walisimama juu ya kanuni alizoziandika Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, za vina, mizani na urari wa mishororo. Kezilahabi akatoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, akaitetea njia yake ya mashairi huru, yasiyofungwa na vina na mizani, na akina Mulokozi na Kahigi nao wakaingia uwanjani kwa hoja na kwa tungo zao wenyewe. Walitupiana maneno makali kweli, lakini ukiwasoma unaona kwamba kila mmoja alikuwa amemsoma mwenzake kwa makini kabla ya kumshambulia. Leo mtu anaandika "mashairi huru si mashairi" halafu anaondoka, na ukimwomba ataje shairi moja la Kezilahabi lililomkera hana.

Sasa nije kwenye mapendekezo, ambako hasira yangu ndiko iliko hasa. Wiki iliyopita dada mmoja aliomba riwaya ya kumsomea mama yake kwa sauti jioni, mama mtu mzima ambaye macho yamemsumbua hadi hawezi tena kusoma mwenyewe. Alieleza vizuri kwamba mama huyo ujanani alipenda hadithi za upelelezi na anachoka haraka na maelezo marefu. Jibu la kwanza lilikuwa Nagona. Nagona, jamani! Ni kitabu chembamba kisichofika kurasa mia, ninakipenda, lakini ni cha kusoma ukiwa peke yako, urudi nyuma, usimame, urudi tena. Ukimsomea mgonjwa wa macho saa mbili usiku atadhani umeruka kurasa. Jibu la pili lilikuwa kitabu cha Kimarekani cha kutajirika, ambacho wala si riwaya wala si cha Kiswahili. Baada ya hapo wakaja wale wanaoandika majina matano mfululizo bila neno moja la kueleza ni vya nini, na majina yenyewe ni orodha ya kidato cha nne: Takadini, Ngoswe, Kilio Chetu, Watoto wa Mama Ntilie, Joka la Mdimu.

Hakuna aliyemwambia dada yule habari za mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, wanazungumza kwa Kiswahili cha Unguja ambacho ukikisoma kwa sauti kinajisukuma chenyewe, kwa sababu mambo mengi yanakwenda kwa mazungumzo. Hakuna aliyemtajia Kiu ya Mohamed Suleiman, ambayo si ya upelelezi lakini ina njama ya Idi na tajiri Mwinyi dhidi ya binti Bahati inayomfanya msikilizaji aombe sura moja zaidi kabla ya kulala. Na mtu alipothubutu kuwataja Musiba na Mtobwa, waandishi wa riwaya za upelelezi, akarushiwa maneno kwamba hizo ni riwaya pendwa, yaani za burudani tu, si riwaya dhati. Wapelelezi wao, Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, ndio waliowafanya wafanyakazi wengi wa enzi za mama huyo wanunue kitabu kwa fedha yao wenyewe. Mwenye kuwadharau atuonyeshe kwanza yeye amenunua kipi mwaka huu.

Swali hilo la kununua linanileta kwa watu wa "nitupie PDF". Kila pendekezo likitolewa, ndani ya dakika chache wanajipanga chini yake wakiacha namba za simu na anwani za barua pepe. Nimewahi kuona wanachotumiana: kitabu cha Adam Shafi kilichopigwa picha kwa simu, kurasa zimepinda, nyingine zimeingia mara mbili na nyingine hazimo, na kwenye ukurasa mmoja kidole gumba cha mpiga picha kimefunika mistari mitatu. Mwandishi alikaa na kazi hiyo miaka, mchapishaji akathubutu kuitoa katika nchi ambayo bila shule hakuna soko, na sisi tunaojiita wapenzi wake tunaisoma kwa kuzunguka kidole cha mtu. Ninaelewa kwamba vitabu vingi havipatikani mikoani na kwamba nauli ya kifurushi inaweza kukaribia bei ya kitabu. Hilo lifunguliwe uzi wake, na mimi nitachangia. Lakini wengi wanaoomba PDF wako mjini, wanapita Posta kila siku mbele ya wauza vitabu vya mitumba waliovipanga chini kando ya barabara, na huko Vuta n'kuvute ya huyohuyo Shafi inaonekana mara kwa mara.

Kwa hiyo ninaomba wasimamizi wa jukwaa waweke utaratibu katika nyuzi za vitabu: anayependekeza aeleze kitabu kinahusu nini na kinamfaa msomaji wa aina gani, na maombi ya PDF yafutwe bila mjadala. Na wale watakaokuja hapa chini kunishambulia, karibuni sana, ila mnishambulie kwa kutaja mhusika na tukio. Atakayeniandikia kwamba nimefaulu kwa kiasi kikubwa kimaudhui lakini nimeshindwa kifani, sitamjibu.