Maji yanadondoka kwenye bomba la fanesi, kweli ninunue mashine mpya?

mama_kijana (St. Paul, Minnesota)

Habarini wapendwa, naombeni mawazo yenu kabla sijatoa hela. Nyumba tulinunua mwaka juzi, fanesi, ile mashine ya kupasha nyumba joto, iko besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba. Tangu baridi kali ianze wiki iliyopita kila asubuhi nakuta kidimbwi cha maji pale sakafuni, nikamulika na tochi ya simu kufuata yanakotoka nikaona yanatoka kwenye yale mabomba meupe ya plastiki yanayotoka kwenye mashine kwenda ukuta wa nje, yako mawili yameongozana. Linadondoka tone, nahesabu mpaka kumi na tano, linadondoka lingine, usiku ndo zaidi. Joto nyumbani liko kama kawaida. Nilimwita fundi wa kampuni moja, hakukaa hata dakika kumi, akasema mashine imeoza kwa ndani niweke mpya dola 5,800. Baba watoto yuko safari, nina mtoto wa miezi saba, naogopa kuizima na naogopa kuiacha.

fundi_wa_joto (Minneapolis)

Pole sana dada. Kabla ya yote, alamu ya kaboni monoksaidi unayo? Hapa Minnesota sheria inataka iwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Bonyeza kile kitufe cha kujaribia sasa hivi usikie inalia. Na siku ikilia yenyewe, mbebe mtoto utoke nje, upige 911 ukiwa nje, usibaki ndani kufungua madirisha. Ile gesi haina harufu wala rangi.

Haya sasa maji. Gesi ikiungua inazaa maji, watu wengi hawalijui hili, kilo moja ya methani inatoa zaidi ya kilo mbili za maji. Fanesi za zamani zenye bomba la chuma zinautoa ule mvuke nje ukiwa bado wa moto. Yako kama bomba ni plastiki nyeupe ni ile ya kukamua joto, inapata asilimia 90 kwenda juu ya joto la gesi, inakamua mpaka mvuke unageuka maji humo humo ndani halafu yanatoka kwa mpira mdogo kwenda kwenye dreni, tundu la kutolea maji. Kwa hiyo maji ndani ya hiyo mashine ndiyo kazi yake, na kuona tone peke yake hakumwambii mtu yeyote kwamba imeoza. Huyo aliyekuja alifungua mlango wa mashine? Alikuonyesha hiyo kutu?

Fanya hivi. Mashine ikiwa inawaka shika bomba moja moja, la plastiki halitakuchoma. Moja litakuwa vuguvugu, hilo linatoa moshi, la pili litakuwa baridi kama barafu, hilo linavuta hewa kutoka nje. Yafute yote mawili kwa taulo mpaka yakauke kabisa, halafu zungushia tishu kila kiungo, ukae nusu saa uangalie ipi inalowa kwanza.

Tishu ya bomba la vuguvugu ikilowa kwenye kiungo, hapo panavuja, na panapotoka maji hata moshi unaweza kutoka, kwa hiyo zima mashine umwite fundi siku hiyo hiyo. Angalia pia kama kuna rangi ya zambarau kwenye viungo, ni dawa tunayopaka kabla ya gundi, pasipo na rangi mara nyingi mtu aliharakisha kazi. Na hilo bomba lazima lilale kurudi kwenye mashine, robo inchi kwa kila futi, likining'inia katikati maji yanatuama humo yanaziba njia ya moshi na mashine inaanza kujizima zima.

Bomba la baridi likilowa mwili mzima kama chupa ya soda iliyotoka friji, hilo ni jasho tu, halivuji.

kaka_wa_columbus

Naongeza kwa wenye nyumba za zamani wasije wakasoma hapa wakajituliza. Kama bomba lako ni la CHUMA na linadondosha maji, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kwangu tulibadilisha fanesi ikawa na bomba lake la plastiki, haita ya maji, mashine ya kupashia maji ya moto, ikabaki peke yake kwenye dohani kubwa ya matofali iliyojengwa kwa ajili ya mashine mbili. Moshi wake kidogo ukawa unapoa kabla haujafika juu, maji yanarudi chini, bomba likatoboka kwa kutu maana hayo maji yana asidi. Tuligundua kwa michirizi ya rangi ya chai kwenye viungo. Ikabidi kushusha bomba jembamba la chuma ndani ya dohani. Na ukiona maji yanakuja siku za mvua tu, angalia kofia ya juu ya paa kwanza.

mama_kijana

Asanteni jamani, Mungu awabariki. Alamu nimeijaribu inalia vizuri. Tishu nimezungushia viungo vyote, saa nzima, za bomba la vuguvugu ni kavu kabisa na rangi ya zambarau naiona kila kiungo. La baridi ndo limelowa lote juu mpaka chini, ukilifuta baada ya dakika chache vile vitone vidogo vinarudi kama jasho la mtu. Mashine haijawahi kujizima. Halafu nikakumbuka, nguo za mtoto naanika hapo hapo besimenti maana nje zinaganda, na kile kifaa cha unyevu kilichofungwa kwenye fanesi nimekikuta kimewekwa asilimia 45.

fundi_wa_joto

Umepata jibu lako dada, ni jasho, unyevu wa nguo na wa hicho kifaa unagusa bomba la baridi unageuka maji. Baridi kama hii ya chini ya sifuri Farenhaiti shusha hicho kifaa mpaka asilimia 25, hata vioo vya madirisha vitaacha kutoa jasho. Nguo hamishia chumba chenye feni ya kutolea hewa. Halafu nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue zile sponji ndefu nyeusi za kuvalisha mabomba, pima unene wa bomba kwanza, valisha lile la baridi kutoka ukutani mpaka kwenye mashine, kona usiziruke, na maungio yote piga tepu hewa isipenye maana ikipenya jasho litajikusanya chini ya sponji. Ukiwa hapo fuata ule mpira wa dreni uone maji yanapita, ukiziba yanajaa ndani ya mashine na hapo ndipo kutu ya kweli inapoanza.

mama_kijana

Mrejesho, siku ya tatu leo. Sponji zimenigharimu dola 31 na tepu, sakafu kavu. Mpira wa dreni unatiririsha ila polepole, nimepata fundi mwingine anakuja Alhamisi kuusafisha na amekubali kufungua mlango wa mashine nikiwa nimesimama pale, nione mwenyewe.

fundi_wa_joto

Vizuri sana. Mwambie asafishe na trapu pia, ile sehemu inayoshika maji kabla hayajaingia kwenye mpira, siyo mpira peke yake.